Hisa 100 Zilizobaki New York

Wahamasishaji wa biashara wanakipenda sana kisa cha Roberto Goizueta. Mkuba, mhandisi wa kemikali, anaikimbia nchi yake mwaka 1960 akiwa na sanduku la nguo, dola 40 na hisa 100 za Coca-Cola. Miaka 21 baadaye anakalia kiti cha juu kabisa cha kampuni hiyohiyo, na anakufa bilionea. Msikilizaji anapiga makofi, anakwenda kulala.

Mimi nilipokisikia mara ya kwanza usingizi haukuja. Bilionea vipi? Coca-Cola hakuianzisha yeye. Ilianza Atlanta mwaka 1886, miaka 45 kabla hajazaliwa. Hakuirithi, wala hakuinunua. Alikuwa mwajiriwa, mtu wa kusubiri mwisho wa mwezi kama karani yeyote wa bandarini. Na mshahara, hata uwe mnono namna gani, haufikishi mtu kwenye bilioni.

Jibu limo kwenye zile hisa 100, ambazo wasimulizi huzipitia mbiombio, kana kwamba ni kitu kingine tu kilichokuwa ndani ya lile sanduku. Kumbe sandukuni hazikuwemo. Zilikuwa benki, New York, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Tuseme ukweli mapema: Goizueta hakuzaliwa kwenye dhiki. Alizaliwa Havana tarehe 18 Novemba 1931. Baba yake, Crispulo, alikuwa msanifu majengo mwenye milki yake. Upande wa mama, ukoo wa Cantera, walikuwa watu wa sukari, na katika Kuba ya wakati ule kuwa mtu wa sukari ni sawa na kuwa mtu wa karafuu katika Unguja ya zamani, maana yake mji mzima unajua nyumba yenu iko wapi. Alisoma Belén, shule ya mapadri Wajesuiti, ileile aliyopitia Fidel Castro miaka michache mbele yake. Akapelekwa Connecticut kuunyoosha ulimi wake wa Kiingereza, kazi aliyoifanya kwa kuangalia filamu ileile tena na tena mpaka maneno yakamkaa. Kutoka hapo akaingia Yale, akatoka na shahada ya uhandisi wa kemikali mwaka 1953.

Nyumbani kazi ilikuwa inamngoja katika biashara ya familia, lakini haikumkaa rohoni. Mwaka 1954 aliona tangazo gazetini: kampuni ya Kimarekani, isiyojitaja jina, inatafuta mhandisi wa kemikali anayezungumza Kiingereza na Kihispania. Ilikuwa Coca-Cola. Mshahara, dola 500 kwa mwezi.

Baba hakumzuia. Alimwambia tu kwamba kumtumikia mtu mwingine si jambo la kujivunia. Kama ameshaamua kuajiriwa, basi anunue kipande cha hiyo kampuni, ili kila asubuhi akienda kazini awe anakwenda kwake. Akamkopesha dola 8,000 za kununulia hisa 100. Alimkopesha, hakumpa, na mtu yeyote aliyewahi kudaiwa na mzazi wake anajua tofauti ya hayo mawili.

(Mwaka huohuo wa 1954 ndipo soko la hisa la Nairobi lilipoundwa, kama chama cha madalali. Mwafrika hakuruhusiwa kununua hata hisa moja pale mpaka uhuru ulipokaribia. Ushauri wa mzee Crispulo, mtoto wa Kikuyu au wa Kijaluo wa rika la Goizueta angeusikia, asingekuwa na pa kuupeleka.)

Mali yenye mizizi na mali isiyo nayo

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni. Ukiwa nayo, faida ikigawanywa unapata fungu lako, linaloitwa gawio. Kampuni ikipanda thamani, kipande chako kinapanda nayo. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba hisa haina mahali. Shamba la miwa liko pale lilipo, na kinu cha sukari hukihamishi usiku. Nyumba, hata uipende vipi, huifungi kamba ukaitia mgongoni. Hisa ni jina lako kwenye daftari, na daftari linaweza kuwa nchi nyingine kabisa.

Castro aliingia madarakani Januari 1959. Katikati ya mwaka 1960 Marekani ikakata fungu la sukari iliyokuwa ikinunua Kuba, na ugomvi ukapanda ngazi baada ya ngazi. Oktoba 1960 serikali ya Havana ilitaifisha mamia ya kampuni kubwa, za Wakuba wenyewe na za Wamarekani. Mitambo ya Coca-Cola ilikwenda na mkumbo huo. Goizueta na mkewe, Olga, walikuwa wameshatoka, kwa staili ya watu wanaokwenda mapumziko Miami. Hawakurudi.

Sina nia ya kuamua hapa kama kutaifisha kulikuwa haki. Waliokata miwa ya Kuba vizazi na vizazi walikuwa na hesabu zao, na hesabu zile zilikuwa nzito. Ninachotaka msomaji akione ni namna mali zilivyochujwa. Vya babu vilibaki Kuba, na vya baba vilibaki Kuba. Kijana alivuka bahari na vitu vitatu ambavyo hakuna askari wa forodha angeweza kuvitoa: shahada kichwani, kazi katika kampuni ambayo makao yake makuu hayakuguswa, na jina lake kwenye daftari la New York.

Kwetu hili si jambo la kusimuliwa. Familia zilizotoka Unguja baada ya Januari 1964 na kuangukia Muscat au Dubai zinalijua. Wahindi wa Uganda waliopewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972 wanalijua. Wenye majumba ya Dar es Salaam walilijua mwaka 1971, sheria ya kutwaa majengo ilipopita. Kila mahali utakuta hadithi ileile: aliyekuwa na mali nyingi zaidi ardhini ndiye aliyeondoka mikono mitupu, na mwanawe aliyekuwa amesoma ndiye aliyeinua familia upya.

Ila kuna tofauti moja ambayo wahamasishaji hawaitaji. Mhandisi wa kawaida wa Kuba aliyefika Miami miaka ile hakupokelewa kama mhandisi. Shahada yake ilihitaji kutambuliwa, leseni ilihitaji mitihani, na mitihani ilikuwa kwa Kiingereza. Wapo waliofagia hoteli na kuendesha teksi huku vyeti vyao vikiwa vimekunjwa kabatini. Wengi waliofungua maduka, karakana na kampuni ndogondogo za ujenzi walifanya hivyo kwa sababu mlango wa taaluma ulikuwa umefungwa. Ujasiriamali ulikuwa dirisha. Mwaka 1966 Bunge la Marekani liliwapa Wakuba sheria yao peke yao, iliyowawezesha kupata ukaazi wa kudumu bila kupita kwenye foleni ndefu wanayopita wageni wengine. Mhandisi kutoka Mwanza anayeendesha teksi Houston leo hana sheria kama hiyo, na kumwambia ajifunze kwa Goizueta ni kumwonea.

Goizueta hakuhitaji dirisha. Mwajiri wake alikuwa anamjua tayari. Kampuni ilimpeleka Nassau, Bahamas, kushughulikia mambo ya kitaalamu ya visiwa vya Karibi, halafu mwaka 1964 ikamhamishia Atlanta. Mwaka 1966, akiwa na miaka 35 hivi, akawa makamu wa rais wa uhandisi. Mwaka 1969 akapata uraia. Alipanda kwa njia ya maabara na mitambo, upande wa kampuni ambao watu wa matangazo waliudharau kidogo. Robert Woodruff, mzee aliyeishika Coca-Cola kwa miongo, alimpenda kwa unadhifu wake wa mwili na wa hesabu. Machi 1981 Goizueta akawa mwenyekiti na mtendaji mkuu, wengi wakishangaa mkemia huyu mwenye lafudhi ya Kihispania katokea wapi.

Faida ambayo ni hasara

Sasa tufike penye utata wenyewe, maana hapa ndipo mhandisi alipoifanya kazi ambayo wauzaji hawakuifanya.

Kampuni aliyoikuta ilikuwa na pesa nyingi na karibu haidaiwi, jambo lililoonekana ni sifa. Ilikuwa imejitanua pia. Mbali na soda ilikuwa na mvinyo, ufugaji wa kamba, na mitambo ya kusafisha maji. Kila mkuu wa kitengo akiulizwa alijibu kwamba anapata faida, na vitabu vilimuunga mkono.

Goizueta aliwauliza swali la pili: faida hiyo imetumia mtaji kiasi gani, na mtaji huo una gharama gani?

Tushuke Kariakoo tulione. Mwenye duka amekopa shilingi milioni 2 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Milioni moja ameiweka kwenye soda na maji ya chupa, inamzalishia 300,000 kwa mwaka. Milioni nyingine amenunulia mashine ya kutolea kopi, inamzalishia 90,000. Akipiga hesabu za kawaida anaona vyote vinaingiza, anafurahi. Lakini ile milioni ya mashine benki inaidai 150,000. Kila mwaka mashine inamla 60,000, kimya kimya, huku yeye akiwasifia majirani biashara yake ya pili.

Atasema: mimi sikukopa, ni pesa yangu. Haimsaidii. Pesa yake angeiweka kwenye soda ingempa 300,000. Kuiacha kwenye mashine ni kuchagua 90,000, na tofauti hiyo ni gharama hata kama hakuna anayemgongea mlango kuidai. Hii ndiyo gharama ya mtaji, na mwaka 1981 kampuni nyingi kubwa za Marekani zilikuwa haziipimi kitengo kwa kitengo. Goizueta alipoipima, aliona baadhi ya biashara zake hazifikii hata robo tatu ya gharama ya pesa zilizomo ndani yake. Mitambo ya maji iliuzwa mwaka 1981, mvinyo mwaka 1983. Kwa upande wa pili aliacha kuiona mikopo kama dhambi: ukikopa kwa kiwango fulani na kuwekeza kwa kiwango cha juu zaidi, kinachobaki katikati ni chako. Mwenyewe alikuwa akishangaa kwamba jambo jepesi hivyo linahitaji kufundishwa.

Soda yenyewe nayo ina biashara mbili zilizovaa nembo moja, na wanywaji wachache wanalijua hilo. Atlanta inatengeneza kiini, yaani ule mchanganyiko mzito wa ladha, na kukiuza. Anayenunua kiini ndiye anayeongeza maji, sukari na gesi, anayejaza chupa, anayemiliki malori, anayelia na kreti zisizorudi. Soda ya Moshi inajazwa na Bonite, na mashine zinazoharibika pale ni mzigo wa Bonite. Kiini kinahitaji mtaji mdogo na faida yake ni kubwa. Kujaza chupa kunahitaji mtaji mkubwa na faida yake ni nyembamba. Ukishaelewa gharama ya mtaji, unaona mara moja upande upi unataka kukaa.

Tatizo ni kwamba wajazaji wa Marekani walikuwa wametawanyika, wengine wamechoka, na kampuni ilitaka kuwapanga upya. Kuwanunua kungeijazia mizania yake, yaani hesabu ya mali na madeni, malori na mikopo. Mwaka 1986 Goizueta na mhasibu wake, Douglas Ivester, walipata ujanja: wakawanunua wajazaji wakubwa, wakawatia katika kampuni mpya iitwayo Coca-Cola Enterprises, wakauza asilimia 51 kwa umma na kubakiza 49. Kwa kuwa hawakufika nusu, madeni ya kampuni mpya hayakuhesabiwa kwenye vitabu vya Atlanta. Na kwa kuwa hakuna mwenye fungu kubwa kama lao, sauti yao ilibaki ndiyo sauti.

Wall Street, soko la fedha la New York, ilishangilia. Mimi naona hapa alama ya kuuliza. Mtu anayekuuzia kiini akiwa ndiye mwenye hisa nyingi kwako, bei ya kiini anampangia nani? Mjazaji alibeba deni na jasho, Atlanta ikabeba faida. Mwaka 2010, miaka 13 baada ya Goizueta kufa, kampuni ililazimika kuinunua tena biashara ya Amerika Kaskazini ya hiyo Coca-Cola Enterprises. Fundi alishusha mzigo begani, lakini mzigo haukwenda mbali.

Sukari, na siku 79

Kuna kejeli ndogo katika maisha haya ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha. Goizueta alikuwa mjukuu wa sukari. Mwaka 1980, akiwa tayari miongoni mwa wakubwa wa Atlanta, kampuni iliruhusu wajazaji wa Marekani kubadilisha nusu ya sukari kwenye Coca-Cola na kuweka sharubati ya mahindi, iliyokuwa rahisi zaidi. Mwaka 1984 ikaruhusu yote. Sukari ya miwa, iliyowajenga Goizueta na Cantera wa Havana, ikatoka kwenye soda ya Kimarekani chini ya macho ya kijana wao.

Mwaka 1982 alifanya kilichokuwa mwiko: kulipa jina Coke kwa kinywaji kingine, Diet Coke, isiyo na sukari kabisa. Ilifanikiwa kupita matarajio. Mwaka huohuo alinunua Columbia Pictures, kampuni ya filamu, ununuzi ambao uliwachanganya watu waliodhani wameshamwelewa. Mwaka 1989 iliuzwa kwa Sony kwa faida nzuri.

Halafu ikaja tarehe 23 Aprili 1985. Pepsi ilikuwa imewabana kwa miaka kumi kwa majaribio yake ya kuonja huku macho yamefungwa, na wahandisi wa Goizueta wakatengeneza ladha mpya iliyoshinda. Waliionjesha kwa karibu watu 200,000. Takwimu zilikuwa safi. Kampuni ikaiondoa ladha ya zamani na kuweka mpya, na Wamarekani wakalia kama waliofiwa. Simu zilimiminika kwa maelfu, watu wakaficha kreti za zamani vyumbani. Tarehe 11 Julai, baada ya siku 79, ya zamani ikarudishwa. Wale 200,000 walikuwa wameulizwa ipi tamu zaidi. Hakuna aliyewaambia waziwazi kwamba ile nyingine wataipoteza. Mtu aliyeacha kila kitu Havana angepaswa kuijua tofauti hiyo kuliko yeyote. Hata hivyo mauzo ya ile ya zamani yalipanda baada ya kurudi, na kiti chake hakikutikisika.

Mwajiriwa anakuwaje mwenye mali

Turudi kwenye bilioni. Goizueta aliingia mwaka 1981 kampuni ikiwa na thamani sokoni ya takriban dola bilioni 4. Alipokufa mwaka 1997 ilikuwa kama bilioni 150. Katikati hapo, kuanzia mwaka 1988, Warren Buffett, mwekezaji maarufu wa Marekani, alinunua hisa za zaidi ya dola bilioni moja, na jina lake likavuta wengine.

Katika muda huo wote Goizueta alilipwa kwa kiasi kikubwa kwa hisa. Maarufu zaidi ni fungu la hisa milioni 1 alizopewa mwaka 1991, zenye masharti ya kutouzwa mpaka muda fulani upite. Gumzo lilikuwa kubwa, na halijaisha mpaka leo: je, mtendaji mkuu anastahili kiasi hicho wakati dereva wa lori la soda analipwa kwa saa? Mantiki ya bodi ilikuwa ileile ya mzee Crispulo: mpe mfanyakazi kipande, atachunga kama mwenye zizi. Tofauti ni kwamba mzee alimkopesha mwanawe, na deni likalipwa. Bodi ilitoa bure, kutoka kwenye mfuko wa wenye hisa wengine. Ukiniuliza mimi, ushauri wa baba ulikuwa safi zaidi kuliko nakala yake.

Lakini aliushika. Wakubwa wengi wakipewa hisa huziuza zikiruhusiwa, wanajenga jumba, wananunua boti. Yeye alizilimbikiza mpaka karibu utajiri wake wote ukawa ndani ya kampuni moja, jambo ambalo mshauri yeyote wa fedha angemkanya. Hivyo ndivyo mwajiriwa ambaye hakuanzisha wala kununua kampuni alivyovuka dola bilioni moja.

Na zile 100 za kwanza? Kampuni ilikuwa na desturi ya kugawa hisa bei ikipanda sana, ili wanunuzi wadogo wazimudu. Kugawa peke yake hakuongezi kitu. Chapati ukiikata vipande vinne inabaki ileile. Ila hapa chapati nayo ilikuwa inakua. Hisa moja ilifanywa tatu Januari 1960, mbili mwaka 1965, tena mbili 1968, tena 1977, tatu mwaka 1986, kisha mbili mwaka 1990, 1992 na 1996. Zidisha: hisa moja iliyonunuliwa miaka ya 1950 na kuachwa bila kuguswa ilikuwa 576 kufikia mwaka 1997. Hisa 100 zilikuwa 57,600, gawio la kila mwaka likiwa kando.

Roberto Goizueta alifariki Atlanta tarehe 18 Oktoba 1997, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 65. Sigara hakuwahi kuziacha. Zile 100 hakuziuza. Shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Emory ilikuwa tayari imepewa jina lake tangu 1994, na kampuni yake ilikuwa inauza soda karibu kila nchi duniani. Kuba haikuwemo, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Havana wana soda yao wenyewe, nyeusi, yenye gesi na sukari. Inaitwa tuKola.